Masikio ya Kafa Ulaya

Masikio yangu yaliamua kustaafu kabla yangu. Nilikuwa na miaka arobaini na saba, asubuhi mwalimu wa shule ya msingi na jioni mwalimu wa kwaya, katika kanisa la bati lililokuwa kando ya barabara ya kwenda Msalato, Dodoma. Kwa ile kazi ya asubuhi uziwi haukunisumbua hata kidogo. Kwenye darasa la watoto tisini, asiyesikia ndiye anayefaidi. Lakini mwalimu wa kwaya asiyesikia ni tapeli, na mimi nilikuwa tapeli kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri.

Walianza kuondoka ndege. Sikujali, sijawahi kuwa na shida na ndege. Halafu zikaondoka sauti za watoto, na shikamoo zao zikaondoka nazo. Huku kwetu mtu mzima asiyeitikia shikamoo haitwi kiziwi, anaitwa mwenye maringo, na habari zikaanza kuzunguka kwamba mwalimu siku hizi anajiona. Nikajitafutia dawa: mdomo wowote ukifunguka mbele yangu, mimi nasema marahaba. Dawa ilifanya kazi vizuri mpaka siku alipotutembelea askofu, mzee aliyenizidi miaka ishirini, ambaye kumbe alikuwa ananiuliza choo kiko wapi.

Sikumwambia mtu, hata mke wangu. Sababu ilikuwa moja tu, nayo ni woga. Ilikuwa miaka ya ruksa. Kila kitu kiliruhusiwa: sabuni za kila rangi, televisheni, mitumba, na kuondoana kazini. Serikali ilikuwa inapunguza watu na neno walilotumia lilikuwa la upole, mtu anapumzishwa. Mhudumu wa ofisi akapumzishwa, dereva akapumzishwa, na mchungaji wetu naye akalipenda neno lile. Kwaya yangu ilikuwa imeshika mkia kwenye mashindano miaka miwili mfululizo. Baada ya mwaka wa pili alinivuta pembeni akaniambia kwamba tukishika mkia tena, kanisa litanipumzisha, na kwaya atapewa karani.

Karani mwenyewe alikuwa mtu wa wizara moja aliyehamishiwa Dodoma kutoka Dar es Salaam. Alikuja na mke, friji, na kinanda cha umeme chenye ngoma ndani yake. Unabonyeza kitufe, ngoma inajipiga. Mchungaji alikipenda kinanda kile kuliko alivyowapenda baadhi ya waumini, na sitaki kusema ni waumini gani. Karani hakuwa mtu mbaya. Alinisalimia kwa heshima kila Jumapili, akakaa benchi la nyuma, akakunja mikono, akanisubiri nianguke.

Niseme wazi ilivyokuwa. Ualimu wa shule nilipangiwa na serikali, hakuna aliyeniuliza. Kwaya niliitafuta mwenyewe. Niliianzisha na watu tisa, wengine hawajui kusoma, nikawafundisha do re mi kwa kuchora ngazi ukutani kwa mkaa. Kufikia miaka ile walikuwa arobaini na wawili, wakulima, wafanyakazi wa mashamba ya zabibu ya Makutupora, mafundi, akina mama wa sokoni. Hatukuwa na kinanda wala hatukukitaka. Do ilitoka kichwani mwangu. Naitoa do, nawagawia sauti ya nne, yaani besi, ya tatu, ya pili, ya kwanza, kila kundi na noti yake ya kuanzia, nainua mikono, tunaondoka. Ndicho kitu pekee nilichowahi kukifanya vizuri duniani, na kukosa kile kitu nilikuwa nakuogopa kuliko kufa.

Basi nikaenda hospitali. Daktari wa masikio alikuwa anakuja Dodoma mara moja kwa mwezi, na foleni yake ilikuwa ya viziwi watupu, kwa hiyo muuguzi aliita majina mpaka koo likamkauka. Daktari alinigonga kichwani kwa kijiuma cha chuma kinacholia, akaniuliza nasikia nini. Nikamwambia nasikia maumivu. Akaandika, akapiga hesabu, akanitajia bei ya mashine mbili mpya za masikio. Nilimwomba arudie, nikidhani ni masikio yangu. Hayakuwa masikio yangu.

Siku hiyo ilibidi nimweleze mke wangu, maana karatasi ya hospitali aliiona mfukoni. Nikamwambia kwamba kwa bei ile ningeweza kutoa mahari ya mke wa pili, mwenye masikio mazima, akanisikilizia. Hakucheka. Alikuwa anaimba sauti ya pili, mstari wa mbele, miaka yote ile, na siku hiyo aliniangalia kama anataka kusema kitu, halafu akaendelea kuchambua mlenda.

Mashine zangu nilizipata sokoni, kwenye mitumba. Wazee bado tuliiita kafa Ulaya, na safari hii jina lilikuwa la kweli tupu. Mwenye kibanda alikuwa amefungua robota la mikoba ya kike, na ndani ya mkoba mmoja wa ngozi akakuta kitambaa cha pua, picha ya paka, na kikebe chenye mashine mbili za rangi ya mwili wa Mzungu. Bibi wa watu alifariki, wanawe wakafunga mkoba bila kuufungua, ukasafiri mpaka Dodoma. Yule muuzaji hakujua ameshika nini. Alikuwa anazinadi kama redio.

"Mwalimu, hizi ni redio za sikioni," aliniambia. "Zinashika stesheni moja tu, lakini inasikika safi."

Sikumsahihisha. Nilimwachia jogoo mmoja na fedha kidogo ya juu, nikaondoka haraka kabla hajabadili mawazo.

Sasa, mashine ya masikio si koti, kwamba ukilivaa limekukaa. Kwanza ile plastiki ya kuingia sikioni ilikuwa imechongwa kwa sikio la bibi yule, na bibi alikuwa na vitundu vidogo. Nikachukua kandambili mbili zilizokatika, nikachonga raba kwa wembe, nikatoboa katikati kwa chuma cha mwavuli nilichokichoma moto. Kandambili hazikuwa pea, kwa hiyo sikio la kulia likawa la bluu na la kushoto la waridi. Betri nilitoa kwenye vikokotoo, zilitosha kama zimetengenezewa humo. Ili watu wasizione, nikafuga nywele. Mchungaji aliniuliza kama niko sawa nyumbani.

Kulikuwa na kifuniko kidogo nyuma ya kila mashine, na chini yake skrubu tatu ndogo kama punje za ulezi. Hizo ndizo daktari anazozungusha anapoipanga mashine ifuate masikio ya mgonjwa, na kwa kuzizungusha ndiko anakolipwa zile pesa. Fundi saa mmoja aliniazima bisibisi yake nyembamba kuliko zote. Moja ya skrubu ilikuwa na N upande huu na H upande ule. Sikuwa na kitabu, nikaamua mwenyewe kwamba N ni nzito na H ni hafifu, na mpaka leo sijui Wazungu walikusudia nini lakini tafsiri yangu ilifanya kazi. Skrubu ya pili ilikuwa ya ukubwa wa sauti. Ya tatu ilizuia kelele isikupasue kichwa, na hiyo niliielewa baada ya kelele kunipasua kichwa.

Siku ya kwanza nilisikia mambo ambayo sikuyaomba. Nilisikia suruali yangu nikitembea. Nilisikia jinsi ninavyotafuna, nikawahurumia wote niliokula nao. Na upepo wa Dodoma, ule wa mwezi wa saba usio na kazi nyingine zaidi ya kuhamisha vumbi, uliingia masikioni ukanguruma mpaka nikakaa chini. Nikafunika vitundu vya mashine kwa vipande vya soksi.

Nilinunua daftari. Kila nikigusa skrubu naandika imeelekea wapi na nini kimebadilika. "Kulia, robo mzunguko kuelekea H: kuku anasikika, mke hasikiki. Nusu mzunguko kurudi: mke anasikika, anasema ugali umepoa." Lakini nyumbani sauti hazitoshi. Nilihitaji chombo cha kupimia chenye sauti nene mpaka nyembamba, kinachoweza kurudia noti ileile bila kuchoka. Chombo hicho nilikuwa nacho. Kilikuwa na watu arobaini na wawili.

Kwa hiyo kwa miezi miwili niliipanga mashine kwa kwaya. "Besi peke yenu," nasema, halafu nageukia dirisha, nainama kama mtu anayesali, bisibisi mkononi, kidole nyuma ya sikio. Besi wanaimba. Nazungusha. "Tena." Kuna jioni wale wazee waliimba mstari mmoja mara kumi na moja, wakaondoka wakinung'unika kwamba mwalimu mwaka huu amepania. Sauti ya kwanza niliwarudisha juu mpaka mama mmoja akashikwa na kwikwi. Na kweli, jioni baada ya jioni, kwaya ilianza kunirudia. Nilipozisikia tena herufi s za wanawake, zile zinazolia katikati ya neno, niliingia nyuma ya kanisa nikalia na mimi. Sioni aibu kusema.

Ila kulikuwa na hitilafu. Kila nilipotoa do na kugawa noti, kabla sijainua mikono, niliusikia mvumo. Mmmm. Mdogo, wa puani, unadumu kidogo halafu unakatika. Na haukuwa kwenye do yangu, ulikuwa chini yake. Mashine hizi hupiga mluzi zikikaa vibaya, hilo nilikuwa nimelizoea, lakini mluzi hauchagui muda. Huu ulichagua. Ulikuja mara moja, mahali palepale, na kanisani tu. Nyumbani nilikaa kwenye kigoda nikatoa do mpaka mbuzi wakaniangalia, mvumo haukuja.

"Hivi ukiwa kanisani husikii kitu kinavuma?" nilimuuliza mke wangu.

Alikuwa anapepeta uwele. "Upepo tu, baba," akasema, na ungo ukaongeza mwendo.

Nikarudi kwa muuzaji kulalamika. Wakati huo alikuwa ameshajua alichoniuzia, na jogoo wangu alikuwa ameshaliwa, kwa hiyo hakuwa na huruma. "Mwalimu, mimi nilikuuzia mashine, marehemu sikukuuzia," alisema. "Labda bibi mwenyewe bado anaimba humo."

Nilimcheka. Lakini Jumamosi iliyofuata, mvumo ulipokuja, nilikemea kimoyomoyo kwa jina la Yesu, na kwa usalama zaidi nikazungusha skrubu. Nikazungusha tena. Wiki moja kabla ya mashindano nilifaulu kuuua kabisa, nikasimama mbele ya kwaya kama mshindi. Tatizo ni kwamba pamoja na mvumo nilikuwa nimeua sauti ya pili yote. Naona midomo, sisikii kitu. Nikawaambia waongeze. Wakaongeza. Nikawaambia mnaimba kama mko msibani, ongezeni. Wale akina mama wakafungua vifua, na benchi la nyuma nikamwona karani ameziba masikio kwa vidole, anatabasamu.

Hapo nikaelewa ninachokifanya. Sikuwa tena naipanga mashine ifuate kwaya, nilikuwa naipanga kwaya ifuate mashine. Nikaenda nyumbani, nikafungua daftari, nikarudisha kila skrubu ilikokuwa kabla ya vita yangu na marehemu. Nikakubali kuishi na mvumo.

Mashindano yalifanyika katika kanisa kubwa mjini. Kwaya kumi na moja, waamuzi watatu na karatasi zao, askofu kiti cha mbele. Nilikuwa nimetia betri mpya, na kikokotoo cha mwalimu mkuu kilikuwa kimelala kabatini bila betri. Masikio yangu hayajawahi kuwa mazuri kama siku ile. Nilisikia askofu akifungua peremende.

Jukwaa lilikuwa jembamba. Kwetu mimi husimama hatua nne mbele ya kwaya, pale ilibidi nisimame karibu nao kiasi cha kuweza kuwagusa, na mbele yangu kabisa alikuwa mke wangu. Nikatoa do. Nikagawa noti. Mvumo ukaja. Na safari hii niliona unakotoka, kwa sababu shingo yake ilitikisika.

Alikuwa amefunga mdomo. Macho yalikuwa ukutani, uso hauna habari, mikono imeshika daftari la nyimbo. Mvumo wote ule ulikuwa wake. Nikawatazama wengine, na sauti ya kwanza, ya pili na ya tatu walikuwa wameinamisha vichwa kidogo upande wake, wakidaka. Besi peke yao ndio walioniangalia mimi. Na kwa kuwa mashine zilikuwa safi, nilizisikia zote mbili, do yangu bado ikiwa kooni mwangu na do yake chini, na hazikuwa do moja. Nikajaribu tena yangu, taratibu, kwa sauti ndogo. Ikatoka tofauti na ile ya mwanzo. Ya tatu ikatoka tofauti na zote mbili. Do yangu ilikuwa imeoza, na si jana wala juzi.

Mikono yangu ilikuwa imeshainuka nusu. Nikaishusha. Waamuzi wakainua vichwa. Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na aibu kubwa sana, na karani alikuwa kiti cha pili kutoka mlangoni. Mke wangu akaacha kutazama ukuta, akanitazama mimi, na niliona anaogopa. Sikuwahi kumwona akiniogopa. Hiyo ndiyo iliyonimaliza nguvu.

Nikasema, kwa sauti ambayo nadhani hata waliokuwa nje waliisikia, maana kiziwi hajui kunong'ona: "Mama watoto, tupe do."

Hakuamini. Nikarudia. Akafungua mdomo akaitoa, wazi, sauti yake ya kupepetea uwele, na zile sauti tatu zikaishika papo hapo. Besi waliniangalia mara moja kuomba ruhusa, nikaitikia kwa kichwa, nao wakaingia. Tukaimba. Wimbo ule niliutunga mimi mwenyewe, na mara ya mwisho kuusikia ukiimbwa jinsi nilivyouandika sikumbuki ilikuwa lini. Nilikosea kuwaongoza mara mbili kwa sababu ya kusikiliza.

Tulikuwa wa tatu. Askofu alipokuja kunipa mkono alifungua mdomo, nikasubiri mpaka amalize kabla ya kujibu. Mchungaji alisema hakuna tena habari ya kunipumzisha. Nikamwambia ameshachelewa, nimeshajipumzisha mwenyewe, kwaya ina mwalimu na ni yule pale mwenye daftari, na kama ana neno juu ya mwanamke kuongoza besi aende akaongee na besi. Hakwenda. Karani alibaki na kinanda chake, na baadaye tulimruhusu akipige kwenye harusi.

Jioni ile mimi na mke wangu tulikaa nje, ukutani, upande usio na upepo, yeye na ungo wake. Nikamuuliza tangu lini. Akasema mwaka wa tatu sasa. Akanieleza kwamba mwanzoni noti zangu zilipishana kidogo tu, baadaye kila kundi nikawa nalipatia do ya nyumba yake, tofauti na ya jirani, ndipo akaanza kuvuma ili watu wapate pa kushika. Sauti tatu zilimfuata. Besi walikataa. Wale wazee walisema mwalimu ni mwalimu, hawawezi kumwaibisha mtu mzima mbele za watu, hata kama amepotea watapotea naye. Ndiyo maana tulishika mkia. Robo ya kwaya ilikuwa inaimba kwa heshima.

"Miaka mitatu," nikasema. "Watu wote wale wanajua, na wewe unalala kitanda kimoja na mimi. Kwa nini hukuniambia?"

Aliuweka ungo chini.

"Nilikuambia, baba," akasema. "Mara mbili. Mara ya kwanza ulinijibu marahaba."

Nikavua mashine zote mbili, ya bluu na ya waridi, nikaziweka kwenye kisahani. Halafu nikazirudisha masikioni, kwa sababu mdomo wake ulikuwa bado unacheza.